Video yako inameta kwa simu, lakini je, itacheza kwa DVD ya shosho?

Umepiga picha za ruracio kutwa nzima. Umekesha siku tatu kwa laptopu ukikata, ukipanga rangi, ukiweka muziki. Kwa simu yako video inameta, na mabeste waliioona kwenye statasi ya WhatsApp wanakuambia uko juu. Kisha mteja anaipeleka diski ushago. Familia nzima inakusanyika sebuleni, mashine inaimeza diski, inanguruma kidogo, halafu runinga inaandika kwamba hakuna diski ndani.

Jioni hiyo utapigiwa simu, na haitakuwa ya kukupongeza. Salio ulilotarajia kwa M-Pesa litangoja. Mbaya zaidi, shangazi aliyetaka kukuita upige harusi ya bintiye Desemba atatafuta msee mwingine.

Usiseme DVD ilikufa zamani. Wewe una Wi-Fi na simu ya maana. Mzee aliyelipia ile shughuli huenda ana runinga, mashine ya DVD iliyonunuliwa Luthuli Avenue miaka kumi iliyopita, na hana haja ya kununua bando ili aone watoto wake wakicheza. Diski haili data, haihitaji nywila, na inakaa kabatini pamoja na albamu ya picha. Kwa familia nyingi, hasa baada ya mazishi, hiyo diski ndiyo mahali pa mwisho pa kumsikia mtu akiongea. Kwa hivyo hebu tujifunze kuitengeneza inavyofaa.

Kwa nini mashine inakataa faili nzuri?

DVD za kwanza ziliuzwa Japani mwaka wa 1996. Kanuni za kile mashine inafaa kusoma ziliandikwa wakati huo. Video ya simu yako, na ile inayotoka CapCut, Premiere Pro au DaVinci Resolve, kwa kawaida ni MP4 yenye umbizo la H.264, ambalo lilikamilishwa mwaka wa 2003. Unaona shida iko wapi? Unaipa mashine barua iliyoandikwa kwa lugha iliyozaliwa baada yake kumaliza shule.

Lugha ambayo mashine ya DVD inaielewa ni MPEG-2. Na haitoshi faili kuwa MPEG-2 tu. Diski lazima iwe na folda inayoitwa VIDEO_TS, kwa herufi kubwa, na ndani yake faili za aina tatu. Zile za VOB hubeba picha na sauti, zikikatwa vipande visivyozidi gigabaiti moja. Za IFO ni ramani inayoiambia mashine menyu iko wapi na sura ya kwanza inaanzia wapi. Za BUP ni nakala ya hiyo ramani, iwapo sehemu ya diski itakwaruzwa.

Ndiyo maana ukichukua MP4 yako, ukaivuta hadi kwa diski tupu na kuichoma, umetengeneza ghala la faili, si DVD ya video. Laptopu itaifungua bila shida na wewe utadhani kazi imeisha. Mashine ya sebuleni itatafuta ramani, ikose, itoe diski nje.

Anza kabla hujapiga picha

Swali la kwanza kwa mteja si "mna bajeti gani?" Ni "mtatazamia wapi?" Akikuambia DVD, kuna mambo matatu utakayoyapanga siku hiyo hiyo.

Kwanza, idadi ya fremu. Kenya hufuata mfumo wa PAL, ambao ni fremu 25 kwa sekunde. Marekani na Japani hufuata NTSC, ambayo ni karibu fremu 30. Kamera nyingi na simu huja zikiwa zimewekwa 30. Ukipiga kwa 30 kisha ugeuze kuwa 25, kila sekunde fremu tano zinatupwa. Huwezi kuona hilo mtu akiwa ameketi, lakini bi harusi akiingia polepole huku kamera ikimfuata, picha itaruka ruka. Weka kamera kwa 25 au 50 tangu mwanzo. Ikiwa simu yako haikubali 25, tafuta programu ya kamera inayokuruhusu kuchagua.

Pili, kasi ya shata. Umeme wetu ni hezi 50. Ukipiga ndani ya ukumbi wenye taa za mshumaa wa neoni na shata isiyolingana na umeme huo, utaona mistari ya giza ikipanda na kushuka. Shata ya 1/50 na fremu 25 zinaelewana vizuri na taa zetu.

Tatu, shika simu kwa ulalo. Video ya wima ni ya TikTok. Kwa runinga itakuwa kipande chembamba katikati, na weusi pande mbili. Mzee atakuuliza kama runinga imeharibika.

Unapohariri, fikiria runinga ya mgongo

Picha ya DVD ya PAL ina pikseli 720 kwa 576. Ile uliyoipiga ya HD kamili ni 1920 kwa 1080, yaani pikseli kama mara tano zaidi. Maana yake, maandishi madogo unayoyasoma vizuri kwa laptopu yatageuka ukungu. Andika majina kwa herufi nene, kubwa, zisizo na mikia myembamba.

Runinga nyingi za zamani, zile za mgongo, hula kingo za picha. Ukiweka jina la bwana na bibi harusi pale chini kabisa, nusu ya maandishi itapotea. Acha nafasi ya asilimia 10 kila upande kwa maandishi yote. Programu nyingi za kuhariri zina mistari ya kukuonyesha mpaka huo, iwashe.

Kuna pia suala la umbo. Zile pikseli 720 kwa 576 zinatumika kwa runinga pana na pia kwa runinga ya mgongo. Kinachoiambia mashine ivute picha kwa upana gani ni alama ndogo ndani ya faili: 16:9 au 4:3. Ukiweka alama isiyo sahihi, watu wote watakuwa wembamba kama vijiti au wanene kama wameminywa kutoka juu. Ukiona hivyo, usirudi kuhariri upya. Rekebisha hiyo alama tu kisha utengeneze diski tena.

Ukimaliza, toa faili moja kuu yenye ubora wa juu, fremu 25, ukubwa uleule uliopigia. Hii ndiyo mama. Usiibane sana eti utaibana tena. Kila kubanwa kunakula ubora, kwa hivyo bana mara moja tu, wakati wa kwenda kwa diski.

Hesabu ya nafasi: 600 gawanya kwa dakika

Hapa ndipo wengi hupotea. Diski ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Laptopu itakuambia ni 4.37 au 4.38, hujaibiwa dukani, ni kompyuta inayohesabu kwa 1024 mahali pa 1000. Ndani ya nafasi hiyo unafaa kuweka picha, sauti na menyu.

Ubora wa picha kwa DVD hutegemea ni megabiti ngapi unazipa kila sekunde. Hesabu rahisi ya kukumbuka ni hii: chukua 600, gawanya kwa dakika za video yako. Jibu ni megabiti kwa sekunde, na kuna akiba kidogo imebaki kwa ajili ya menyu. Toa 0.2 za sauti, kinachobaki ni cha picha.

Video ya dakika 90 inakupa kama 6.6, kwa hivyo picha unaipa 6.4. Hapo ni safi. Dakika 120 inakupa 5, picha 4.8. Bado inapendeza. Dakika 180 inakupa 3.3, na hapo watu wakianza kucheza densi utaona vijisanduku vikitambaa usoni mwao. Dakika 60 inakupa 10, lakini usiitumie yote. Kanuni inaruhusu picha isizidi 9.8, na mashine za zamani hukwama ukikaribia hapo, hasa kwa diski ya kuchoma. Ishia 8.

Na kama ni ruracio ya saa nne? Usiibane kwa diski moja. Tengeneza diski mbili, ukate mahali penye maana, kwa mfano pale wageni wanapoingia kula. Au hata bora zaidi, hariri. Hakuna mtu anayehitaji dakika 40 za foleni ya chakula.

Programu ikikuuliza kama unataka mpito mmoja au miwili, chagua miwili. Mara ya kwanza inaikagua video yote, mara ya pili inagawa nafasi: hotuba ya mzee aliyesimama tuli inapewa kidogo, densi inapewa nyingi. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini unaweza kuiacha usiku ukalale.

Sauti isikuangushe

MP3 na AAC, zile sauti za kawaida kwa simu, hazimo kwa kanuni za DVD. Tumia AC3, ambayo pia huitwa Dolby Digital, kwa kilobiti 192 au 256, na marudio ya 48,000 kwa sekunde. Muziki mwingi unaopakua ni wa 44,100, kwa hivyo hakikisha mradi wako wote umewekwa 48,000 ndiyo sauti isichelewe nyuma ya midomo.

Kuna programu ambazo huchagua PCM, sauti isiyobanwa, bila kukuuliza. Iangalie vizuri. Kwa video ya saa mbili, PCM hula karibu gigabaiti 1.4. AC3 ya 192 hula gigabaiti 0.17 tu. Hiyo tofauti ni nafasi ambayo ungeipa picha.

Programu gani?

Programu unayohariria haitakutengenezea DVD. Adobe walikuwa na Encore kwa kazi hiyo, lakini waliiacha na toleo la CS6. Habari njema ni kwamba huhitaji kulipa. DVDStyler ni ya bure, na inafanya kazi kwa Windows, Mac na Linux. Unaanza mradi, unachagua PAL, unachagua 16:9, unachagua AC3, unaivuta faili yako ndani, na yenyewe inaigeuza kuwa MPEG-2 na kuunda VIDEO_TS. Pale chini itakuonyesha nafasi iliyobaki. Kama wewe ni mtu wa kuandika amri, FFmpeg nayo ina mpangilio tayari unaoitwa pal-dvd unaokupa faili ya MPEG-2 inayokubalika, kisha unaipeleka DVDStyler.

Jambo moja la kujua: HandBrake, ambayo wengi wanaipenda, inatoa video kutoka kwa DVD. Haitengenezi DVD. Usipoteze usiku mzima ukitafuta kitufe ambacho hakipo.

Menyu iwe rahisi. Vitufe viwili au vitatu vinatosha: cheza yote, sehemu, picha. Shosho anaongozwa na rimoti yenye vitufe vilivyofutika, usimpe mtihani. Weka sura, moja kwa kila tukio, ili mtu akitaka kurudi kwenye maombi asilazimike kukimbiza video yote. Na kama mteja amesema menyu inamchanganya, ondoa kabisa, video ianze yenyewe diski ikiingia.

Kuchoma diski: polepole ndio mwendo

Dukani utaulizwa DVD-R au DVD+R. Hiyo alama ndogo ina maana. DVD-R ilitangulia, na mashine za zamani huisoma kwa urahisi zaidi. Chukua hiyo. Diski za kuandika na kufuta, DVD-RW, huakisi mwanga kidogo, na mashine nyingi zilizochoka huzikosa. Tumia RW kwa majaribio yako tu, usimpe mteja.

Mwambie DVDStyler ikupe faili moja ya ISO kwanza. Ifungue kwa VLC uitazame: menyu inafanya kazi? Umbo liko sawa? Sauti inalingana? Diski huwezi kuichoma kisha ubadilishe mawazo, lakini ISO unaweza kuirudia mara kumi bila kutumia hata shilingi.

Kisha choma kwa kasi ya 4x au 8x. Usichague ile ya juu kabisa. Funga programu zingine, chomeka chaja, na usiisogeze laptopu. Kama laptopu yako haina mahali pa diski, kuna mashine ya nje ya kuchomea inayochomekwa kwa USB. Changa na mwenzako wa kazi mnunue moja. Kwa ISO unaweza kutumia ImgBurn, ambayo pia ni ya bure kwa Windows. Kabla ya kuanza, washa ukaguzi, ili ikimaliza kuandika isome diski yote na kuilinganisha na faili. Na hakikisha diski imefungwa mwishoni. Diski iliyoachwa wazi inasomeka kwa kompyuta yako, lakini mashine nyingi za sebuleni haziitambui.

Usibandike karatasi ya jina juu ya diski. Karatasi hiyo huiyumbisha diski ikizunguka, na ikibanduka ndani ya mashine ni noma. Andika kwa kalamu laini ya diski, au nunua zile diski zenye uso mweupe wa kuchapishwa.

Jaribio ambalo haliruki mtu

Diski kucheza kwa laptopu yako si ushahidi wa kitu. Itie kwa mashine halisi, na si ile mpya. Tafuta ile iliyochoka zaidi mtaani, ya jirani au ya kinyozi, ile inayohitaji kupigwa kofi kidogo. Ikicheza hapo, itacheza popote. Usitazame dakika mbili za mwanzo tu. Ruka hadi katikati, kisha hadi dakika tano za mwisho. Data huandikwa kutoka katikati ya diski kwenda ukingoni, na ukingo ndio huharibika kwanza kwa diski mbovu au kasi kubwa. Ikikwama mwishoni, choma nyingine kwa kasi ya chini, au badilisha aina ya diski.

Na flashi je?

Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina tundu la USB, na mteja anaweza kukuambia "niwekee kwa flashi." Sawa, lakini usiweke MP4 ukaondoka. Nyingi kati ya hizo husoma AVI yenye MPEG-4 ya kizamani, ile ya DivX au Xvid, au MPEG-2, na hukataa H.264. Flashi yenyewe ifomatiwe kwa FAT32, kwa kuwa NTFS na exFAT huenda zisionekane kabisa. Na kumbuka FAT32 haikubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Runinga mpya yenyewe, kwa upande mwingine, husoma MP4 vizuri. Uliza inachomekwa wapi: kwa DVD au kwa runinga.

Ifanye kuwa kazi, si fadhila

Vijana wa River Road walijenga soko zima la filamu, hata likapewa jina Riverwood, kwa kuuza diski zilizocheza kwa mashine za watu wa kawaida. Mtu akinunua vichekesho vya Kikuyu hakutaka kujua habari za megabiti. Alitaka kuingiza diski na kucheka. Soko hilo lilielewa kwamba kazi haijaisha hadi mtazamaji aione.

Wewe pia, weka DVD kwenye bei tangu siku ya kwanza: muda wa kugeuza, diski, makasha, jaribio. Mpe mteja nakala mbili pamoja na faili kuu kwa flashi, kwa sababu diski za kuchoma hazidumu milele, hasa zikiachwa kwenye dashibodi ya gari juani. Nawe baki na faili kuu kwa diski kuu ya nje, angalau mwaka mmoja. Mteja akikupigia miezi minane baadaye akisema yule mzee aliyetoa hotuba ameaga na diski imekwaruzwa, utakuwa na jibu la kumpa.

Na kabla ya kupokea salio, omba kitu kimoja: mteja aiweke diski kwa mashine yake mbele yako, au akutumie video fupi ikicheza. Ikicheza, pokea pesa zako ukiwa umetulia.